Mbu akishatoka, nani wa kumrudisha?

SWALI: Asalaam alaykum, Daktari. Mimi ni mwalimu wa skuli ya msingi, wilaya ya Micheweni, Pemba. Mwanzoni mwa 2024 mwanangu wa miaka sita alilazwa kwa malaria akashikwa na degedege. Siku nne nilikaa naye hospitali nikijua namzika. Alhamdulillahi alipona. Juzi kaka yangu alikuja kutoka Dar, akatuambia barazani kwamba kuna wataalamu wanatengeneza mbu maabara, na kwamba mbu hao wakiachiwa watazaana na mbu wetu mpaka mbu wa malaria wamalizike wote. Ukazuka mzozo. Baba anasema huko ni kuharibu alivyoviumba Mwenyezi Mungu. Kaka anasema anayekataa, damu ya watoto iko juu yake. Mimi nimebaki katikati. Nina maswali mawili. Wakija kwetu, sheha akakubali na mimi peke yangu nikasema sitaki, haki yangu ni ipi? Na je, ni sawa kukimaliza kiumbe kizima?

JIBU: Waalaykumu ssalaam, Mwalimu, na pole kwa yaliyokukuta. Degedege la malaria halielezeki kwa asiyeliona.

Swali la kwanza jibu lake ni fupi na halipendezi. Ukiwa peke yako, haki ya kumkataa mbu huna. Unaweza kukataa mtoto wako asitolewe damu ya utafiti. Unaweza kukataa mtego usitundikwe chumbani kwako. Aliyekuja na fomu unaweza kumwambia ashike njia arudi alikotoka, na asikuchukie. Lakini mbu aliyeachiwa kwenye bonde la mpunga la kijiji cha pili hapigi hodi, wala haulizi nani alitia saini na nani alikataa. Miaka yote niliyokaa kwenye kamati za kupitia tafiti za afya, ridhaa tuliyokuwa tukiilinda ni ya mtu mmoja mmoja. Ufundi huu mpya unaipita kwa juu.

Hebu kwanza tuipunguze chumvi ya kaka. Mbu anaowasema bado hawajaachiwa porini popote duniani. Wako vizimbani. Mwaka 2018, pale Imperial College, London, watafiti waliwatia kizimbani mbu wa aina ya Anopheles gambiae, wakawachanganya na wenzao waliobadilishwa jeni moja, yaani agizo la urithi lililomo mwilini, inayohusika na kumfanya jike awe jike. Baada ya vizazi 7 hadi 11 vizimba vilibaki vitupu.

Namna inavyofanya kazi unaweza kuwasomesha hata wanafunzi wako wa darasa la sita. Kwa kawaida mtoto huchukua nusu kwa baba na nusu kwa mama, kwa hiyo kitu kipya alichonacho mzazi mmoja ni kama kurusha shilingi: huenda kikamfikia mtoto, huenda kisimfikie. Jeni hii iliyotengenezwa hairushi shilingi. Mbu anapotengeneza mbegu au mayai yake, jeni hiyo inaikata jeni mwenzake iliyotoka kwa mzazi wa pili, kisha inajinakili pale pale palipokatwa. Karibu watoto wote wanaondoka nayo, na wajukuu, na vitukuu. Jike aliyeipata pande zote mbili hawezi kuuma wala kutaga. Dume haimdhuru kitu, basi yeye ndiye mbebaji, anakwenda nayo kijiji hadi kijiji bila kulipwa nauli.

Kuna na njia ya pili, nayo iko karibu na nyumbani. Wanasayansi wa Taasisi ya Afya ya Ifakara, kwenye maabara yao ya Bagamoyo, wakishirikiana na wenzao wa London, wanamshughulikia mbu ambaye haondoki duniani. Anabaki, anauma kama kawaida yake, ila vijidudu vya malaria vinadumaa tumboni mwake, na yeye anakufa kabla havijawahi kukomaa. Kinachovidumaza ni vitu viwili vilivyoazimwa kwa viumbe wengine: kimoja kinatoka kwenye ngozi ya chura, cha pili kwenye sumu ya nyuki. Hili napenda kulitaja mikutanoni, maana watu hucheka, na mtu akishacheka huuliza swali la kweli.

Sasa watu wa Unguja wa rika langu watakwambia: mbona sisi tulishafanya? Wanakusudia mbung'o. Miaka ya 1990 ng'ombe wa Unguja walikuwa wakidhoofu kwa nagana, ugonjwa unaoletwa na mbung'o, na mbung'o wenyewe walikuwa wamejificha vichakani, Jozani na kwengineko. Serikali, pamoja na Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, ikafanya jambo ambalo hata leo nikilisimulia kwa wageni hawaniamini. Mbung'o walifugwa Tanga kwa mamilioni, madume yakapigwa mionzi hadi yakawa hayazalishi, yakatiwa kwenye maboksi ya karatasi na kumwagwa kwa ndege ndogo juu ya kisiwa. Jike la mbung'o kwa kawaida hupandwa mara moja tu maishani, basi lililokutana na dume lile likawa limekwisha. Kuanzia 1994 hadi 1997 yaliachiwa madume zaidi ya milioni 8. Mbung'o wa mwisho wa porini alinaswa Septemba 1996, na 1997 Unguja ikatangazwa kuwa haina mbung'o tena. Mpaka leo hawajarudi.

Kwa hiyo kumaliza mdudu kisiwani tumeshakujaribu, na sijaona shekhe wala mfugaji anayelililia mbung'o. Lakini tazama tofauti, Mwalimu, kwa sababu humo ndimo lilimo jambo zima. Dume la mbung'o lililopigwa mionzi hufa bila kuacha kitu. Ili kazi iendelee ilibidi ndege ipae tena, na tena, na tena. Lau siku moja wazee wa Jozani wangesema basi, ndege ingebaki uwanjani na mambo yangekwisha yenyewe baada ya wiki chache. Mbu wa jeni hii hahitaji ndege ya pili. Ukimwachia mara moja, kazi iliyobaki anaifanya mwenyewe.

Cha kumfananisha naye mimi naona ni kunguru. Wale weusi wenye shingo ya kijivu, wanaoiba samaki dikoni na kuwadonoa vifaranga, si wa kwetu. Waliletwa kutoka India miaka ya 1890, wakati wa utawala wa Waingereza, wasafishe taka za mji. Nia ilikuwa njema, tena ya afya. Aliyewaleta hakuuliza mtu wa Makunduchi wala wa Bagamoyo. Leo wameuenea mwambao mzima. Wametiliwa sumu, wametegwa, wamelipiwa fedha kwa kichwa, na bado alfajiri wao ndio wanaoniamsha.

Nisikupe picha kwamba utafiti wote hauna breki. Kisiwa chako chenyewe kina kisa ambacho wanafunzi wa tiba duniani wanakisoma, na Wapemba wengi hawakijui. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 watoto wachanga na wadogo zaidi ya 24,000 wa Pemba waliingizwa kwenye utafiti wa vidonge vya madini ya chuma na foliki asidi. Wengine walipewa vidonge vyenyewe, wengine vilivyofanana navyo visivyo na dawa. Kila mtu aliamini chuma ni kheri tupu: damu iongezeke, mtoto awe na nguvu. Kulikuwa na bodi ya nje inayotazama hesabu, na Agosti 2003 bodi ile ikaamuru chuma kisimamishwe. Watoto waliokuwa wakipewa chuma walionekana kufa au kulazwa zaidi ya wenzao kwa asilimia 12. Malaria wakati ule Pemba ilikuwa nyingi, na chuma kwa mtoto ambaye damu yake haijapungukiwa, mahali penye malaria, kinaweza kumgeukia. Baada ya hapo mwongozo wa dunia nzima ukabadilishwa: mahali pa malaria, watoto wasipewe chuma ovyo bila kujua nani anakihitaji.

Kisa hiki unaweza kukisoma kwa hasira, na sitakulaumu. Mimi hukisoma kwa hasira na kwa shukrani kwa pamoja. Wataalamu walikosea kwa nia njema, makosa yakaonekana kwa sababu kuna mtu alipewa kazi ya kuyatafuta, na siku yalipoonekana chupa za vidonge zilifungwa. Palikuwa na siku ya kusema basi. Swali ninalomuuliza kila anayekuja na habari za mbu hawa ni hilo tu: kwenu, siku ya kusema basi iko wapi? Wengi hunijibu kwa uaminifu kwamba iko kabla ya kuachia. Baada ya hapo wanazungumzia jeni ya pili ya kuifukuza ya kwanza. Yaani kunguru wa kumfukuza kunguru.

Burkina Faso walianza kwa tahadhari. Julai 2019, katika kijiji cha Bana, waliachia madume tasa yaliyobadilishwa jeni lakini yasiyojieneza, yakafa kama walivyokufa mbung'o wetu. Agosti 2025 serikali ya huko ikasimamisha shughuli zote za mradi ule. Iwe iliamua kwa haki au kwa siasa, angalau ilikuwa na kitu kinachosimamishika.

Turudi kwa sheha. Sheria inampa kazi zake, na wengi wao ni watu wazuri, lakini nina ugomvi wa zamani na neno "wananchi wameridhia". Nikiwa kijana wa kubeba fomu, mradi mmoja ambao sitautaja ulinipeleka kijiji cha pwani, mashariki ya Unguja. Barua ya kwamba wananchi wote wameridhia tulikabidhiwa asubuhi. Mkutano wenyewe ulikuwa alasiri. Tulipanda barazani, tukaletewa kahawa na kashata, nikasoma kurasa nne kwa sauti. Nikauliza, pana swali? Kimya. Mzee mmoja alikuwa akisokota kamba ya usumba, na hata macho hakuinua.

"Mwanangu, nikisema sitaki, utarudi kesho kuniuliza tena?"

Nikamwambia, mzee, ukikataa umekataa, sirudi.

Akacheka. "Wewe hurudi. Atarudi sheha." Akachovya kidole kwenye wino.

Sisi tunaoneana muhali, Mwalimu, na wewe unajua. Mgeni amekuja, amekaa, amekunywa kahawa yetu, amefuatana na mkubwa. Kumwambia hapana mbele za watu ni kumvunjia heshima, na kumvunjia heshima aliyemleta. Katika kitabu cha maadili ya utafiti kilichoandikwa Ulaya hutaikuta sura ya muhali. Wao wanaogopa mtu kulazimishwa kwa fedha au kwa vitisho. Hawajui kwamba kwetu mtu hulazimishwa kwa kashata.

Kwa dawa au chanjo, muhali unaponyeka: mama anatia saini barazani, akifika nyumbani anakitupa kidonge, hajamkosea mtu. Kwa mbu, ndiyo ya muhali inabaki kuwa ndiyo mpaka kwa vitukuu. Ndiyo maana nasema haki usiyokuwa nayo peke yako lazima ipatikane kwa wengi, na ipatikane kabla. Wanaojua hili wamependekeza ridhaa ya jamii: mikutano ya miaka, si ya alasiri moja, shehia kwa shehia, wanawake kwao na vijana kwao. Naikubali, lakini kwa wasiwasi. Jamii inayoridhia ni ipi? Pemba iko kilomita kama 50 tu kutoka bara. Mbu hupanda mashua za Tanga bila tiketi, hushuka Shimoni, Kenya, bila pasi. Afya na mazingira kwetu Zanzibar si mambo ya Muungano, kwa hiyo uamuzi ungekuwa wetu. Ila mbu hajui nini ni cha Muungano na nini si chake. Wapemba wakisema ndiyo, wamewasemea na watu wa Pangani na wa Kwale. Na uwaone watafiti wanavyovitamani visiwa! São Tomé na Príncipe tayari wana watafiti wa Marekani wanaofanya maandalizi. Kisiwa kinapendwa kwa sababu bahari ni ukuta: likiharibika jambo, liharibikie humo. Ukiwa ndani ya ukuta hoja hiyo haikupendezi sana.

Sasa baba yako. Mimi si mwanachuoni, na fatwa haitoki kwangu. Lakini nimekaa na masheikh wa pande zote mbili, na najua hoja zao hazikai pale watu wanapodhani. Wanaokataa hushika aya ya Suratun Nisaa inayomtaja shetani akiapa kuwaamrisha watu wabadili alivyoumba Mwenyezi Mungu, na hukumbusha kwamba katika Suratul An'am wanyama na ndege wametajwa kuwa ni umma kama sisi. Wanaoruhusu husema uhai wa mtoto ni katika mambo ambayo sharia imekuja kuyalinda, na kwamba madhara huondoshwa. Shekhe mmoja alinitajia kwamba hata mbu ametajwa ndani ya Qur'ani, Suratul Baqara, aya ya 26, kisha akajipiga mkononi kumuua mmoja na kuendelea kuzungumza. Sote tulicheka. Lakini baada ya kicheko aliniambia neno nililolichukua: kumuua anayeniuma ni jambo moja, kuikata kizazi chake duniani ni jambo jengine, na hilo la pili anataka kwanza aelezwe nani anamla mbu huyo. Ni swali hilo hilo wanaloliuliza wataalamu wa mazingira. Mbu wa malaria ni aina chache tu kati ya maelfu, na popo, buibui na samaki wa mabondeni wanakula zaidi ya aina moja ya mbu, kwa hiyo sioni njaa kubwa ikizuka. Mimi kinachonitisha zaidi ni nafasi itakayobaki wazi. Bonde halikai tupu. Mbu wa aina nyengine atahamia.

Lakini nisimpe baba ushindi wa bure. Kaka yako ana jambo moja zito: kukataa nako kunaua. Miaka ya 1950 na 1960 Zanzibar ilipigwa dawa ya DDT nyumba kwa nyumba, malaria ikashuka sana, 1968 kampeni ikasimamishwa, na malaria ikarudi ikazika watoto. Tangu 2003 tumejenga upya kwa dawa ya mseto, vyandarua na kupuliza majumbani, hadi wenye vijidudu damuni wakashuka chini ya mmoja katika kila mia. Halafu mbu wakaizoea dawa. Wanaobaki sasa wengi ni wa aina inayouma nje, jioni, watu wakiwa barazani na vyandarua vikiwa vimening'inia ndani bila mtu. Mvua za vuli za 2023 zilipozidi, visa vikapanda, na mwanao akawa mmojawapo. Anayesema tubaki na tulichonacho na aseme pia kwamba tulichonacho kinachakaa. Wanaotoa hotuba nzuri kuhusu maumbile wakiwa wamekaa kwenye nyumba zenye nyavu madirishani, hao siwasikilizi sana.

Ukiniuliza nimesimama wapi, leo hii: mbu anayejieneza mwenyewe, Pemba isiwe ya kwanza. Mbu asiyejieneza, anayekufa na kuhitaji kuachiwa tena, ningekaa mezani kumzungumza hata kesho, kwa sababu kila mara anapoachiwa ni nafasi ya kusema hapana. Ni ghali zaidi na ni polepole zaidi. Mbung'o nao walikuwa ghali. Huyo wa Bagamoyo, wa chura na nyuki, nataka kuona vijidudu vya watoto wa hapa hapa vinafanya nini ndani yake kwa miaka kadhaa kizimbani kabla sijafungua mdomo. Na wakati huo tuzibe wanapozaliana, tupulize, tumpime kila anayeshuka bandarini akiwa na homa. Kazi hizo hazimpi mtu tuzo, lakini ndizo zilizotufikisha hapa.

Wakija Micheweni, usiulize kama mbu ana madhara. Kila mtaalamu amekuja na jibu la swali hilo mfukoni. Uliza nani ana mamlaka ya kusimamisha, jina lake na simu yake, na kama kuna Mpemba ndani ya bodi hiyo. Uliza Tanga na Kwale wamesema nini. Uliza fedha zikikauka katikati, nani atakayebaki kuhesabu mbu. Na kabla fomu haijasomwa, waombe kina mama wakae peke yao: sheha atoke, kaka yako atoke, na sisi wataalamu tutoke. Kahawa yetu mtuletee nje, tutasubiri.